Papai, Nanasi na Tangawizi kwa Maksai Mmoja

Siku ya kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, yule dada wa kwenye mwavuli pale stendi ya Mikumi alinifuta kidole gumba mara nne, na mashine ikanikataa mara nne. "Baba, jaribu kingine," akasema. Nikajaribu kingine. Kimya. Tukamaliza mkono wa kulia, tukahamia wa kushoto, na watu nyuma yangu wanaguna. Mwishowe akaniuliza kwa adabu, lakini macho yana wasiwasi, "Samahani baba, kwani unafanya kazi gani?"

"Nachoma nyama," nikamjibu. "Tena si nyama hivi hivi. Nyama laini."

Vijana wangu, msidhani vidole vyangu vimeungua. Moto naujua, na moto unanijua, tuliheshimiana miaka yote. Vidole hivi vililiwa na papai.

Nawaandikia ninyi mliorithi yale majiko ya barabarani, na wengine mnaotamani kuyarithi, kwa sababu magoti yangu yamegoma na nimekaa nyumbani nikiwa na miaka hamsini na mbili, umri ambao wenye vyeti ndiyo kwanza wanapandishwa vyeo. Mimi cheti sina. Niliishia darasa la tano. Lakini nyumba ninayoandikia maneno haya ina vyumba sita na bati la msauzi, lile la gharama, na kila tofali lake lilitoka kwenye mshikaki. Kati ya Morogoro na Iringa ulizeni mchomaji alikuwa nani. Dereva wa lori akiwatajia mtu mwingine tofauti na Sele wa Mikumi, basi huyo ameanza kazi juzi.

Sasa sikilizeni siri ya kwanza. Nyama ya kwetu ni ngumu, na si kosa lake. Wale mnaosifu nyama ya mjini, ile imelala kwenye baridi siku kadhaa. Ya kwetu inachinjwa alfajiri na saa sita iko mdomoni mwa mtu. Mnyama akishakufa mwili wake unakakamaa kama anayekataa. Ukimtundika mahali pa baridi, baada ya siku moja, mbili, analegea mwenyewe. Jua la Mikumi halikupi siku mbili. Ukimtundika hapa, wa kwanza kula ni nzi, na wa pili ni nyani, ambaye anashuka barabarani kama mtu aliyetoa oda. Halafu ng'ombe wenyewe tunaopata ni maksai waliokwisha kulima mashamba ya watu miaka kumi. Umlainishe kwa kitu gani sasa?

Jibu nililipata Kilosa nikiwa bado naosha masufuria.

Aliyenipa ni Mama Tausi. Alikuwa mama lishe pale karibu na stesheni, mwanamke mwembamba, sauti yake nyembamba pia, lakini akisema "we Sele" hata sufuria linasimama wima. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Tausi, na alimsomesha kwa wali na mchuzi. Mimi nilishuka kutoka milimani na shati moja, akanipa kazi, akanipa na shati la pili. Nyama yake ilikuwa laini kuliko ya wenzake wote, na wenzake walisema ana dawa. Dawa yenyewe ilikuwa majani ya mpapai. Alikuwa anayaponda kidogo kwa mkono, anaifunga nyama humo, kisha ananiambia, "Nenda kachote maji, ndoo mbili." Nikirudi na ndoo ya pili, nyama inafunguliwa, inaingia jikoni. Ndiyo ilikuwa saa yake. Maji yakiwa hayahitajiki, nilichota vilevile, tukamwagilia mchicha.

"Mama, kwa nini ndoo mbili?" nikamuuliza siku moja. "Tukiweka ndoo nne si italainika zaidi?"

"Sele, mwanangu, wewe ukilala mara mbili unakuwa mrefu zaidi?"

Nikacheka, lakini sikusadiki. Hicho ndicho kilema changu mpaka leo, nikiambiwa kipimo naona nimenyimwa kitu.

Nilipohamia Mikumi na kufungua jiko langu, nikaona majani ni mambo ya kizee. Nikagundua mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, kwamba papai bichi ukilichanja kwa wembe likiwa bado mtini linatoa maziwa meupe, na maziwa yale yana nguvu kuliko majani ya mti mzima. Asubuhi nachanja, nakinga kikombe, napaka nyama kijiko kimoja, nachoma. Wateja wakanipenda. Maksai akawa kama ndama. Vidole vikaanza kuwasha, kisha vikawa laini, kisha mistari ikafutika, na mimi nikaona ni alama ya ufundi. Vaeni glovu, nawaomba, na msijiguse macho. Mimi nilikuwa mjinga mwenye bahati.

Basi siku moja Mama Tausi akashuka kwenye basi la Kilosa, amevaa vizuri, na hakuja kula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sele, Tausi anaolewa."

Nikaruka kwa furaha, nikampigia vigelegele vya kiume mpaka wateja wakageuka. Yeye hakucheka. Akaniambia bwana harusi ni kijana mzuri wa Msowero, familia ya wakulima wanaojiweza, wazee wake hawana neno. Tatizo ni shangazi mmoja, mwenye ukoo mdomoni mwake. Shangazi huyo alisema mbele ya washenga, "Muuza wali wa stesheni atatulisha nini siku hiyo? Ukoko?"

"Alisema ukoko?"

"Alisema ukoko. Washenga wakatazama chini." "Nimenunua maksai, Sele. Nimeuza hata cherehani. Sitaki sifa. Nataka watu wale watafune, wameze, wakose la kusema. Mwanangu akaishi kwa watu wale bila kurushiwa neno la ukoko. Utakuja?"

"Mama," nikajipiga kifua, "nitakuja mwenyewe na vijiti vyangu. Nitawachomea mishikaki hata asiye na meno atameza. Uliza Mikumi."

"Ndoo mbili, Sele."

"Mama, waachie vijana mambo hayo."

Mungu anisamehe, nilimjibu hivyo.

Ijumaa alasiri, kule Kilosa, maksai akachinjwa, jitu zima la mifupa na misuli, nadhani lililima tangu enzi za babu yake. Nikaikata nyama vipande vya mishikaki, nikajaza mabeseni sita. Nikafikiri hivi: mnyama huyu si wa kawaida, basi na dawa isiwe ya kawaida. Nikamwaga maziwa ya papai, kikombe kizima. Nikasikia wapishi wa mjini wanatumia nanasi, nikasaga mananasi matatu nikamwaga. Bibi mmoja jirani akasema kwao wanaweka tangawizi mbichi, nikaponda rundo, nikaweka. Nikafunika vizuri, nikaenda kulala kama mtu aliyekwisha kupongezwa.

Jumamosi asubuhi nikawasha mkaa. Nikafunua beseni la kwanza. Haikunuka vibaya, rangi ilikuwa imepauka tu. Nikachukua kipande nikichome kwenye kijiti. Kijiti kikapita kama kinapita kwenye maandazi yaliyolowa. Nikajikaza, nikapanga vipande vitano, nikaweka motoni. Kimoja kikateleza. Cha pili kikateleza. Vyote vikashuka kwenye makaa taratibu, pwaa, pwaa, nikabaki nimeshika kijiti kitupu mbele ya wanawake kumi wanaomenya vitunguu.

Mmoja akauliza, "Fundi, ndiyo style ya Mikumi hiyo?"

Nikafunua beseni la pili. La tatu. Ukiminya, nyama inapita katikati ya vidole kama tope la mpunga. Ng'ombe mzima. Cherehani ya mama wa watu. Wakwe wanakuja saa saba.

Mama Tausi akaja, akatazama, akachovya kidole. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, na mimi ningependa zaidi anipige na mwiko.

Aliyepiga kelele ni bibi harusi. Tausi wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu, anasomea kufundisha baiolojia. Alisikia minong'ono kule ndani, akatoka amejifunga kanga, mkono mmoja una hina, wa pili bado, na makungwi wanamfuata, "We mtoto, bibi harusi hatoki nje!"

"Kaka Sele, umeweka nini?"

"Papai."

"Majani?"

"Maziwa."

"Kiasi gani?"

"Kikombe."

"Na nini kingine?"

"Nanasi."

"Na?"

"Tangawizi."

Akashika mdomo kwa ule mkono usio na hina. Niliona anataka kucheka, akamtazama mama yake, kicheko kikamfia. "Kaka Sele," akasema, "umeuita ukoo mzima kwenye nyama moja."

Ndipo nikafundishwa pale pale, mbele ya vitunguu. Akasema nyama ni protini, nyuzi zilizosukwa. Ndani ya maziwa ya papai kuna kimeng'enya, kitu kidogo kuliko jicho linavyoweza kuota, na kazi yake ni mkasi. Kinakata nyuzi za protini. Ndani ya nanasi kuna mkasi mwingine, ndani ya tangawizi mwingine, na yote mitatu ni ndugu, ukoo ambao wataalamu wameupa jina la papai. Ndiyo maana ukila nanasi jingi ulimi unawaka. Wewe unalila nanasi, nalo linakula wewe.

"Sasa hivi tunavyoongea," nikamuuliza, "bado inakata?"

"Bado inakata. Mkasi haujui kama leo kuna harusi."

Miaka yote nilidhani napaka dawa, kama mtu anavyopaka mafuta. Kumbe nilikuwa naajiri mafundi wasiohesabika, wasiolala, wasiosema nimechoka.

"Inazimwaje?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Tausi. Alikuwa amesimama.

"Moto mkali, mama. Lakini nyama isipashwe polepole! Vuguvugu ndilo linaipa mikasi nguvu, itakata mpaka ubaki na uji. Mafuta yachemke kwanza, nyama iingie kidogo kidogo, iungue ghafla. Hapo mkasi unakufa."

"Haya, rudi ndani ukapakwe mkono," mama yake akasema. Kisha akatugeukia. "Masufuria manne. Mafuta. Vitunguu vyote hivyo, vikaangwe mpaka vidhurungike. Mifupa ya maksai bado iko salama?"

"Iko salama, mama," nikasema. Mifupa sikuipaka kitu.

"Chemsheni mifupa, supu yake ndiyo itapika pilau. Sele, wewe koroga."

Nikakoroga. Nyama ilikuwa na ukali kidogo wa yale maziwa, akaufukuza kwa nazi, ndimu na hiliki, anaonja kwa ncha ya ulimi anatema pembeni, haraka haraka. Vipande havikubaki vipande. Ilitoka kima nzito, nyeusi ya vitunguu, laini kama hariri. Saa saba magari ya Msowero yakaingia yanapiga honi. Mama Tausi alikuwa amekwisha kuoga na kuvaa, amesimama mlangoni kama hakuna kilichotokea duniani.

Yule shangazi nilimtambua bila kuonyeshwa. Alikaa katikati ya jamvi kama wali wenyewe. Sinia likatua mbele yake. Akainama, akachungulia.

"Hii ndiyo nini?"

Wanawake wa Kilosa wote wakaacha kupakua. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la turubai, bado nimeshika mwiko.

"Kima ya Mikumi, wifi," Mama Tausi akajibu. "Mpishi amefunga jiko lake barabara kuu aje kuwapikia ninyi."

Shangazi akamega tonge, akatia mdomoni. Akatafuna kidogo. Akaacha kutafuna. Akameza. Akavuta mtandio mpaka mdomoni, akamwinamia jirani yake, lakini mwanamke yule hakuzaliwa na sauti ya kunong'ona. "Mie magego sina, mwaka wa sita huu. Kila harusi natafuna naficha kwenye kanga. Hii nimemeza!" Akamega tena. "Mwiteni huyo mpishi."

Nikatoka nimeloa jasho. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Umeipondaje hivi bila kinu?"

Nikamtazama Mama Tausi. Yeye alikuwa anatazama sinia la watu wengine.

"Siri ya kazi, shangazi," nikasema.

"Basi ongeza."

Akala masinia mawili na nusu. Neno ukoko halikusemwa siku ile, wala kesho yake, wala mpaka shangazi anaingia kaburini. Tausi amekaa kwa watu wale kwa heshima mpaka leo, ana watoto watatu na anafundisha sekondari.

Jioni, kabla jua halijazama, tulikuwa tunaosha masufuria, mimi na Mama Tausi tu. Nikasubiri nitukanwe. Akasugua, akasuuza, akasema maneno machache tu. "Kisu kina ala, Sele. Wewe ulinunua kisu ukaacha ala dukani."

Na mimi, kwa jinsi nilivyo, nikarudi Mikumi nikajisifu. Miaka na miaka niliuza "kima ya harusi" nikiwaambia madereva wa miwa wa Ruaha kwamba niliibuni makusudi. Leo ndiyo naandika ukweli kwa mara ya kwanza. Mama Tausi hakuwahi kunikanusha.

Lakini kitu kimoja kilibadilika. Sikuweza tena kuutazama mpapai kama mti. Tausi akija likizo nilikuwa namsumbua mpaka mumewe anasema, "Shemeji, mwache ale." Nikamuuliza, Mungu hakuweka mkasi kwenye papai kwa ajili ya mishikaki yangu. Uliwekwa kwa ajili ya nini?

"Viwavi," akasema.

Sikukubali kwa maneno. Nikaenda shambani nikaokota viwavi kwenye mahindi, wale wanaotumaliza. Nusu nikawapa jani la mpapai kama lilivyo. Nusu nikawakatia jani vipande vyembamba, nikaviosha majini mpaka maziwa yote yakatoka. Wa jani lililooshwa walikula wakanenepa. Wale wengine waling'ata, wakayumba, wakadumaa, wakafa mmoja mmoja. Kiwavi anang'ata jani, maziwa yanamtiririkia, mkasi unaanza kazi ndani ya utumbo wake. Amekuja kula, analiwa kuanzia tumboni. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya yale makopo mawili asubuhi nzima, mke wangu akadhani nimepata habari ya msiba.

"Sasa mti wenyewe mbona haujikati?" nikamuuliza Tausi.

Jibu lake sitalisahau. Akasema ndani ya mti mkasi umetengenezwa ukiwa umevikwa kifuniko mdomoni, haukati kitu. Jani likijeruhiwa, maziwa yakimwagika, ndipo kifuniko kinavuliwa. Nikamwambia, "Subiri. Unasema una ala?" Akasema ndiyo kaka, ni kama ala. Mama yake hajui hata kuandika jina lake, na alilisema hilo huku anasugua sufuria.

Na si kwenye mpapai tu. Loweka choroko, ziache zichipue. Ndani ya kila mbegu kuna akiba ya protini, na ndugu wa ukoo huu ndio wanaoikatakata ili mche upate chakula kabla haujaliona jua. Mkulima wa Tindiga anayesubiri mpunga uchomoze anasubiri mkasi. Yule ng'ombe aliyetundikwa kwenye baridi akalegea? Mikasi yake mwenyewe, mingine ya ukoo huu, mingine binamu zake. Aliishi nayo miaka yote, imefungiwa kila mmoja mahali pake ndani ya seli, inakata vilivyochakaa ili vipya vijengwe. Akifa, hakuna wa kuisimamia.

Nilipoanguka na bodaboda mguu ukavunjika, nililala nikijiambia mfupa ni kama nondo, ukikatika umekatika. Tausi akaja kuniona. Akaniambia ndani ya mfupa kuna seli zinazokula mfupa mzee, na nyingine zinafuata nyuma zinajenga mpya, maisha yote, usiku na mchana. Zile zinazokula zinatumia mkasi wa ukoo wa papai.

"Ukoo ule ule wa harusi yako?"

"Ule ule, kaka. Ukizidi, mfupa unakuwa matundu. Ukikosekana kabisa, mfupa unakuwa mgumu kama jiwe, halafu unavunjika ovyo. Lazima ukate kwa kiasi."

Ndoo mbili, nikasema moyoni.

Akaongeza lingine, na hili ndilo lililonifanya niketi kitandani na plasta yangu. Akasema mwili umeweka na walinzi, vitu vidogo ambavyo kazi yake ni kuukamata mkasi na kuufunga mdomo usije ukakata pasipotakiwa. Wako kwenye damu, wako kwenye mate. "Wako hata kwenye machozi," akasema. Miaka mingapi nimesimama kwenye moshi natokwa machozi, nikaona ni usumbufu tu! Kumbe kila chozi lililonidondoka lilibeba walinzi. Mimi mtu wa darasa la tano, niliyejiona mkubwa kuliko kipimo, nimetembea miaka hamsini nikiwa nimejaa visu, na kila kisu kimewekewa ala na askari, na hakuna hata siku moja niliyoamka nimekatwakatwa. Mnaposema Mungu ni fundi, mseme taratibu. Kaeni chini kwanza.

Basi shikeni haya kwa vitendo. Jani la mpapai kwa nyama ya kawaida, ndoo mbili za kisima cha karibu, msiende cha mbali. Maziwa ya papai, kama mna kiburi kama changu, kijiko kimoja kwa nyama ya kilo kumi, na moto uwe tayari unawaka. Papai bivu halifai, maziwa yake yamekwisha. Nanasi lililopikwa halikati kitu, limekwisha kufa. Na msichanganye ndugu watatu. Mmoja anatosha.

Mwezi uliopita nilikwenda Kilosa kumwona Mama Tausi. Amezeeka, amekuwa mdogo, na meno yamekwisha yote. Tausi ananiambia mama hali nyama tena, anasema ni chakula cha watu wengine, anakunywa supu na uji tu, anapungua. Nikaenda buchani, nikanunua steki. Nikachuma majani kwenye mpapai wa uani. Nikaponda, nikafunga, nikachukua ndoo.

Siku hizi uani kuna bomba. Nikalipita, nikaenda kisimani, na magoti haya. Yeye amekaa kibarazani ananihesabia. Nikarudi na ya pili.

"Ya pili hiyo," akasema. "Fungua."

"Bado, mama."

Nikaenda ya tatu. Ya nne. Ya tano. Alikuwa ananitazama kama anavyomtazama mwizi. Nilipotua ya sita mafuta yalikuwa yanachemka, nikaitia nyama ghafla, vitunguu, nazi, ndimu, hiliki. Ikasambaratika yenyewe. Nikampelekea kwenye kibakuli, nikakaa chini kwenye mkeka.

Akachota kidogo. Akaisukuma kwa ulimi huku na huku, fizi zikagusana, akameza. Akachota tena. Sikusema kitu, na mnanijua, kunyamaza si kazi yangu. Alipofika nusu ya kibakuli akatua kijiko.

"Hii si ndiyo ile ya harusi?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

Akakishika tena kijiko.

"Kumbe ilikuwa tamu," akasema. "Siku ile sikuimeza hata tonge moja."